Tendo la Tano la Furaha

Mwezi wa Aprili mwaka 2021 nilikuwa nikifundisha dini katika darasa la sita la shule moja ya msingi, upande wa kaskazini wa mji wa Goma. Siku ile tulisoma barua ya Mtume Paulo kwa Wafilipi. Niliwaeleza watoto kwamba Mtume aliiandika akiwa kifungoni, asijue kama ataachwa hai ama atauawa. Na hata hivyo aliwaagiza rafiki zake wafurahi, kisha akalirudia agizo hilo mara ya pili, kana kwamba aliogopa hawakusikia. Mtoto mmoja aliyekaa nyuma, mwana wa seremala, akanyosha mkono.

«Mwalimu, mtu ambaye nyumba yake inawaka moto, naye aweza kufurahi? Ama ni Mtume Paulo peke yake?»

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, maana swali lilikuwa zuri. Jibu langu ndilo halikuwa zuri. Nilisoma miaka sita katika seminari ndogo, na mwaka mmoja wa falsafa juu yake, kabla ya kutambua kwamba Mungu aliniita niwe mwalimu na baba wa jamaa. Basi nilimjibu kama mtu wa seminari. Nilimweleza kwamba Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kuwa furaha ya Mkristu ni tunda la mapendo, wala si sawasawa na raha ya mwili; raha yaweza kuondoka na furaha ikabaki. Hayo yote ni kweli, na hata leo nayasadiki. Mtoto alisema «Ndiyo, Mwalimu», akaketi. Kila mwalimu ajua maana ya «ndiyo» ya namna hiyo.

Majuma machache baadaye ulikuwa mlima wa Nyiragongo uliolichukua swali lile na kuniuliza mimi.

Wakaaji wa Goma hawana haja ya kuelezwa mlima huo. Kwa wasomaji wa mbali nitasema tu kwamba una urefu wa metre 3,470, na kileleni mwake mna shimo kubwa ambamo mara nyingi moto hutokota kama uji katika chungu. Usiku mawingu ya juu yake huwa mekundu, na sisi tuliozaliwa hapa twalala chini yake bila kuwaza. Ulipasuka mwaka 1977. Ulipasuka tena tarehe 17 Januari 2002. Mara ile mto wa moto ulipita katikati ya mji mpaka ziwa Kivu, nalo kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu likateketea. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Namkumbuka marehemu baba yangu akikimbia na cherehani kichwani, na mama akimgombeza kwa nini ameacha blanketi.

Basi, mwaka 2021, Jumamosi tarehe 22 Mei, ilikuwa ni mkesha wa Pentekoste. Kwa kuwa Mei ni mwezi wa Mama Bikira Maria, shirika letu la Buhene lilikutana kila jioni kusali rozari katika ua wa jirani mmojawapo. Nanyi mwajua kwamba siku ya Jumamosi husaliwa Matendo ya Furaha. Sikumbuki vema kama tulikuwa katika tendo la tatu ama la nne. Mtoto mmoja alisema: «Tazameni mbingu.» Tukatazama, na tuliona wekundu ambao haukuwa wa kila siku, tena ulikuwa ukishuka. La tano hatukulifikia.

Yaliyofuata nitayaeleza kwa kifupi, isipokuwa jambo moja. Mke wangu alimfunga mtoto mchanga mgongoni. Mimi nilimbeba binti yetu kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia nilishika mfuko wenye vyeti vyangu vya shule, kitambulisho, na daftari la majina ya wanafunzi. Kifungua mimba wetu, mvulana wa miaka sita, nilimwambia ashike shati langu nyuma, asiliachie hata kidogo. Tukashuka na watu maelfu, wengine na magodoro, wengine na mbuzi, vijana wakisukuma chukudu zilizojaa vyungu na wazee. Nyuma yetu mlikuwa na sauti kama ya mawe yasagwayo. Penye njia panda lori moja lilipiga honi na kuukata umati vipande viwili. Nilihamisha mfuko wangu begani, na papo hapo nilisikia shati langu limekuwa jepesi.

Hilo ndilo jambo moja. Mkono wangu wa kulia ulishika karatasi. Vyeti vyangu vyote vipo hata leo, havikupata hata mkunjo.

Tuliita jina lake mpaka sauti zikakauka. Simu hazikushika. Watu wakatusukuma kuelekea magharibi, kwenye njia ya Sake, na kabla ya alfajiri tulifika Mugunga. Pale mama mzee mmoja, mjane, alikuwa ameufungua mlango wake na kuweka taa kizingitini, akiingiza kila aliyepita mpaka nafasi ikaisha; kisha aliendelea kuingiza. Alimtazama mke wangu, akahesabu watoto, akauliza: «Ni hawa tu?» Mke wangu hakuweza kujibu.

Asubuhi ya Pentekoste ilijulikana kwamba moto umesimama karibu na uwanja wa ndege, na mji haukuangamia. Watu wengi walirudi makwao wakimshukuru Mungu. Mimi nilirudi Buhene, nikakuta mahali pa nyumba yetu pamekuwa mawe meusi yafukayo moshi, yaliyoinuka kupita urefu wa mlango. Sikukaa pale. Siku nyingine ningalilia. Siku ile nyumba ilikuwa kitu kidogo. Nilikwenda kwenye makanisa, kwenye mashule, kwenye zahanati, kila mahali palipokusanyika watoto waliopotezana na wazazi, nao walikuwa wengi. Katika ofisi moja, ambayo sitaitaja, karani aliniambia kwamba orodha ya siku ile imejaa, ila mtu mwenye «chochote» aweza kupatiwa nafasi. Nilitoka bila kusema neno, kwa kuogopa neno ambalo lingetoka.

Nilipita pia penye Misa. Ilisomwa uwanjani, na watu waliimba wimbo wa Roho Mtakatifu kwa nguvu, wakipiga makofi. Naungama mbele yenu kwamba wimbo ule uliniumiza kama tusi. Niliupita. Ndugu mmoja mwema alinifuata na kunishika bega, akaniambia: «Mwalimu, tufurahi katika Bwana, Mungu ana mpango wake.» Alisema yale yale niliyoyafundisha mimi mwezi uliopita, na kidogo nimpige. Hapa nawaomba radhi makatekista na waalimu wenzangu, lakini nitasema: mtu aliye katika msiba asiamriwe kufurahi. Aliyeamuru alikuwa Mtume, naye alikuwa ndani ya minyororo yake mwenyewe. Mwenye tumbo lililoshiba na watoto waliotimia na anyamaze kwanza, alete maji.

Siku ya Jumatatu nilitembea tena mpaka jua likazama, nisipate habari. Niliporudi Mugunga mke wangu alinitazama uso, wala hakuuliza. Niliketi nje nimeegemea ukuta. Siku zile ardhi ilitetemeka mchana na usiku, mara kwa saa, hata watoto wakazoea. Ndipo Mama mzee alipowakusanya watu wa nyumba yake kwa rozari. Tulikuwa watu zaidi ya ishirini katika vyumba viwili na ua. Aliniita:

«Mwalimu, wewe wajua kusoma vizuri. Utuongoze.»

Sikutaka. Lakini mtu hawezi kumkatalia mwenye nyumba aliyemlaza. Nilianza. Jumatatu, kama mjuavyo, ni siku ya Matendo ya Furaha pia. Ndivyo alivyopanga Papa Yohane Paulo wa Pili katika barua yake juu ya rozari ya mwaka 2002, mwaka ule ule kanisa letu lilipoungua. Nilisali kama mtu asukumaye chukudu mlimani: Salamu Maria, na nyingine, na nyingine. Malaika alimpasha habari Maria. Maria alimwendea Elizabeti. Yezu alizaliwa. Yezu alitolewa Hekaluni. Nilipofika penye tendo la tano, nikataka kulitangaza, sauti ikakatika.

Mwalijua tendo hilo. Mvulana apotea katika umati wa watu warudio safarini, baba na mama wamtafuta siku tatu.

Nilikaa kimya muda mrefu, kisha nilisema kwa hasira mbele ya watu wote, hata mbele ya watoto: «Hili nalo laitwa furaha kwa nini? Ni nani aliyeliweka humu?»

Hakuna aliyesema. Mke wangu aliinamisha kichwa. Mama mzee akajibu taratibu, kama mtu aelezaye namna ya kupika kitu.

«Mwalimu, mimi mwanangu alikuwa na miaka tisa. Ni mwaka 1996, mwezi wa Novemba, wakati wa vita, watu wa makambi walipotawanyika hapa Mugunga. Alikwenda kuteka maji. Mpaka leo sijamwona, wala hai wala maiti. Kila Jumatatu nalisali tendo hili. Ningengoja nimpate kwanza ndipo nifurahi, ningekuwa nimekufa zamani.»

Nilimwuliza, nami nikaona haya kuuliza: «Na furaha hiyo, Mama, waitoa wapi?»

Alifikiri. «Sijui. Nalisali na Mama Maria, naye pia anatafuta. Tunatafuta wawili. Nikiisha sali, naweza kuamka kesho na kuwasha moto.» Kisha akatikisa rozari yake. «Haya, tusali, watoto wanasinzia.» Akalianza tendo la tano yeye mwenyewe.

Sasa, ndugu zangu, nataka kusema kweli tupu, nisiongeze chumvi. Sikuona nuru, wala sikusikia sauti. Nilisali Salamu Maria kumi pamoja na wengine. Katika zile za kwanza niliona tu njia panda, na lori, na mfuko wangu. Halafu nikamwona Yosefu. Sikuwahi kumwaza katika tendo hili. Siku zote twamwaza Mama. Lakini Yosefu pia alikuwamo safarini. Huenda yeye alidhani mtoto yuko pamoja na wanawake, na Maria alidhani yuko pamoja na wanaume, hata jioni wakaulizana. Mtu mwenye haki, aliyekabidhiwa Mwana wa Mungu mwenyewe, na mtoto akampotea mikononi! Na Mungu hakumnyang'anya kazi yake. Nilipofikiri hivyo, kitu kilichonikaba tangu Jumamosi kikaachia. Nililia, na katika kulia kwangu nilikuwa na furaha. Naona haya kuandika hivyo. Mwanangu alikuwa hajapatikana. Nyumba haikuwapo. Ardhi ilikuwa ikitetemeka chini ya mkeka. Sikujua kama kesho nitampata hai. Lakini furaha ilikuwapo, ndogo, kama kaa la moto lililofunikwa majivu, na haikuwa yangu peke yangu. Ilikuwa ya yule mama, na ya mke wangu aliyenishika mkono, na ya wale waliosinzia.

Tulipofika mwisho ardhi ilitikisika kwa nguvu, kifuniko cha sufuria kikaanguka na kuviringika mpaka mlangoni. Mama mzee akasema: «Haya, hata mlima umeitika Amina.» Watu wakacheka, nami nikacheka. Usiku ule nililala.

Kesho yake, Jumanne, mwanangu alipatikana. Alikuwa amechukuliwa na umati mpaka ng'ambo ya mpaka, huko Gisenyi. Mama mmoja wa huko, ambaye si wa dini yetu, alimlaza pamoja na watoto wake, na kila asubuhi alikwenda naye hadi penye njia ndogo ya mpakani, wapitapo wachuuzi, akamsimamisha juu ya jiwe ili aonekane. Pale juu ya jiwe ndipo nilipomwona. Hakulia. Alinitazama kwa ukali, akasema: «Baba, ulipotea wapi?»

Yule mama sikujua jinsi ya kumshukuru. Nilikuwa nimewahi kusema maneno mabaya juu ya watu wa ng'ambo ile, hata mbele ya wanafunzi, na Mungu alikuwa ameyasikia. Alikataa zawadi. Alimpa mtoto ndizi mbili za njiani.

Furaha ya Jumanne ilikuwa kubwa kupita ya Jumatatu mara mia. Nilipiga kelele barabarani kama mlevi. Lakini hazikuwa za namna moja. Ya Jumanne kila mzazi aijua, awe Mkristu au asiwe. Ya Jumatatu nisingaliweza kuijua bila yule mjane.

Jambo moja lilinitia hofu nilipokaribia Mugunga na mtoto mabegani: nitaingiaje katika ua wa mama huyu, ambaye wake hakurudi? Nilisimama nje ya boma kidogo. Yeye ndiye aliyetuona kwanza. Alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka, akamshusha mtoto, akamnawisha, akasonga bugali na kukaanga sambaza alizokopa kwa jirani. Baadaye mke wangu aliona kwamba alikwenda nyuma ya nyumba na kukaa huko muda mrefu. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Akachukua mwiko, akatugawia.

Tarehe 27 Mei wakuu waliamuru mitaa mingi ya mji ihamwe, kwa kuogopa mlipuko mwingine. Tukaenda Sake sote pamoja na Mama mzee, kwa miguu. Mkono wangu wa kulia safari hii haukushika mfuko. Mwezi wa Juni tulirudi, tukapanga vyumba viwili Mugunga, karibu naye, na huko ndiko tunakaa. Nyumba yetu wenyewe hatujaijenga tena. Mshahara wa mwalimu mwaujua.

Masomo yalipoanza tena, niliwaambia watoto kwamba swali la mwenzao sikulijibu. Niliwasimulia kama nilivyowasimulia ninyi, pamoja na habari ya mfuko, ingawa si vyepesi kwa mwalimu. Mwana wa seremala, ambaye na kwao pia paliungua, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyosha mkono.

«Na yule mtoto wa Mama mzee, amepatikana?»

«Bado.»

Hakuuliza tena, lakini safari hii hakusema «Ndiyo, Mwalimu».

Nimeandika haya kwa sababu ya siku nyingine. Tarehe 27 Januari 2025, vita vilipoingia mjini Goma, ilikuwa Jumatatu. Maji yalikatika, umeme ulikatika, na mabomu yalianguka tusijue yatokako wala yaendako. Wengi walikufa siku zile, Mungu awarehemu. Sisi tulilala chini, katika kijia kati ya vyumba viwili, magodoro yamesimamishwa ukutani, pamoja na Mama mzee, ambaye sasa masikio yake hayasikii vizuri, naye akauliza mara mbili kama ni ngurumo ya mvua. Giza lilipoingia alitafuta rozari yake kwa kupapasa. Tulisali kwa sauti ndogo. Kila risasi zilipolia karibu tulinyamaza, kisha tuliendelea pale tulipoachia.

Tulipofika tendo la tano, kabla sijafungua kinywa, mwanangu alilitangaza. Alikuwa na miaka kumi kasoro. Alisema tumwombee aliye njiani, akalitaja jina la mtoto wa Mama mzee, jina ambalo mimi sikumfundisha. Mama mzee hakusikia. Mke wangu akainama sikioni pake, akamrudilia.